Zamu Yako Imefika: Namna ya Kuandaa na Kuongoza Kikao cha Klabu ya Vitabu ya Marafiki

Klabu ya vitabu iliyodumu kwa miaka mingi huwa na taratibu ambazo hazikuandikwa popote, kwa sababu wanachama wa tangu mwanzo wamezizoea kiasi cha kusahau kwamba ni taratibu. Mgeni anapopokewa na hatimaye kupewa zamu ya kuandaa kikao, huuliza yale yale waliyouliza wageni wa kabla yake: kitabu kichaguliwe lini, maswali yatungwe vipi, wafanyweje wale ambao hawajamaliza kusoma, na je, ni utovu wa adabu kumkatiza mtu aliyekuwamo katika klabu hii miaka mingi kabla yangu? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia wiki kadhaa kabla ya kikao hadi siku inayofuata.

Kabla ya yote, lielewe jambo moja linaloitofautisha klabu ya marafiki na darasa. Wanafunzi darasani huweza kukosa la kusema, marafiki hawakosi. Mkiketi pamoja bila kitabu chochote mtazungumza hadi usiku wa manane, na ndiyo maana hatari kubwa katika kikao chenu si ukimya bali ni mazungumzo matamu yasiyohusu kitabu. Watu waliojuana kwa muda mrefu huweza kukutana mwaka mzima vitabu vikiwa mapajani na visifunguliwe. Jukumu lako, basi, ni kukilindia kitabu nafasi yake, na karibu kila hatua iliyo hapa chini imekusudiwa hilo.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

Huhitaji vingi, lakini hivi vichache visikosekane:

- Orodha ya wanaotarajiwa kuhudhuria. Mazungumzo ya kundi moja huenda vizuri wakiwa watu sita hadi kumi. Wakiwa wanne tu, mmoja asiyesoma amekipunguza kikao kwa robo. Wakizidi kumi na wawili, watajigawa wenyewe katika makundi mawili yanayozungumza kwa wakati mmoja.
- Nakala yako ya kitabu, pamoja na penseli. Ikiwa umeiazima, tumia vipande vya karatasi vya kuweka katikati ya kurasa.
- Daftari la klabu, ambamo huandikwa kitabu kilichosomwa, tarehe, waliohudhuria na jambo moja au mawili yaliyosemwa. Kama klabu yenu haina daftari, lianzishe wewe kwa zamu yako.
- Mahali penye viti vinavyoweza kupangwa kwa duara na mwanga wa kutosha kusomea. Mwanga hafifu unapendeza kwa maongezi ya kawaida, lakini mtu asiyeona maandishi hatafungua kitabu.
- Saa ya ukutani au ya mkononi. Ukitumia simu, kila unapotazama muda wengine nao watatoa za kwao.
- Mtu wa pili. Mwenyeji na mwongozaji wa mazungumzo wasiwe mtu mmoja, kwa kuwa anayefungua mlango na kujaza vikombe hawezi pia kufuatilia hoja. Ikiwa kikao ni nyumbani kwako, mwombe mwenzako aongoze. Ikiwa wewe ndiye mwongozaji, kikao kifanyike kwa mwingine.

Hatua ya 1: Weka tarehe kabla ya kuchagua kitabu

Njia iliyo rahisi ni siku isiyobadilika, kwa mfano Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, au siku moja kila baada ya wiki sita ikiwa wanachama wana shughuli nyingi. Siku ikishajulikana, hakuna haja ya kushauriana upya kila mara, na kila mtu huyapanga mambo yake mengine kwa kuizingatia. Kubalianeni pia idadi ya chini ya watu wanaotosha ili kikao kifanyike. Nusu ya wanachama inafaa.

*Tahadhari:* Usikihamishe kikao kwa ajili ya mtu mmoja, hata awe mwanzilishi wa klabu. Ukimhamishia yeye utalazimika kumhamishia wa pili, na tarehe ya tatu itawakosesha wale waliokuwa tayari kwa ile ya kwanza. Asiyeweza kufika na atume maoni yake kwa maandishi, aya moja au mbili, nawe utayasoma mwanzoni mwa mazungumzo.

Hatua ya 2: Chagua kitabu

Njia zinazotumika sana ni mbili, kupiga kura na kupokezana zamu. Kura huonekana kuwa ya haki, lakini ina tabia ya kuteua kitabu kisichomuudhi mtu yeyote, na kitabu cha namna hiyo mjadala wake huisha kwa robo saa. Mimi ninapendelea zamu: kila mwanachama ateue kitabu chake bila kuomba ridhaa, na wengine wabaki na kura ya turufu kwa sababu mbili tu, yaani kitabu hakipatikani, au ni kirefu mno kwa muda uliopo. Kauli ya "mimi sisomi vitabu vya aina hiyo" isihesabiwe kuwa sababu, kwa maana mtu hujiunga na klabu ili asome kile ambacho asingekichukua mwenyewe rafuni.

Kuhusu urefu, piga hesabu badala ya kukisia. Msomaji anayesoma kwa makini, akisimama hapa na pale kuweka alama, humaliza kurasa 30 hivi kwa saa. Riwaya ya kurasa 300 itamchukua saa 10, ambazo zikigawanywa katika siku 28 ni zaidi kidogo ya dakika 20 kwa siku. Hicho ni kiasi ambacho mtu mwenye kazi na familia anaweza kukimudu. Kitabu cha kurasa 600 kitamdai zaidi ya dakika 40 kila siku kwa mwezi huo huo, na hapo ndipo wengi hukwama. Kipeni vikao viwili, mkikubaliana mapema sura ambayo kikao cha kwanza kitaishia.

Usiteue kitabu ambacho hujakigusa. Soma angalau sura mbili za mwanzo na kurasa chache za katikati, kwani zipo riwaya zinazoanza kwa kishindo na kuishiwa pumzi kabla ya nusu. Pitia pia daftari la klabu uone vitabu vitatu vya mwisho vilikuwa vya namna gani. Ikiwa vyote vilikuwa riwaya nzito za huzuni, teua wasifu, tamthilia au mkusanyiko wa hadithi fupi. Diwani ya mashairi nayo inafaa sana, mradi msijaribu kuijadili yote: chagua mashairi matano au sita, na kila moja lisomwe kwa sauti mara mbili na wasomaji wawili tofauti kabla mtu hajasema lolote.

*Tahadhari:* Usilete kitabu ambacho huwezi kuvumilia kukisikia kikikosolewa. Kitabu kilichokuliwaza wakati wa msiba, au alichokuachia mzazi wako, kibaki nyumbani. Marafiki zako watakipenda kwa heshima yako au watakiponda bila kujua uzito wake, na katika hali zote mbili hakutakuwa na mjadala wa kweli.

Hatua ya 3: Hakikisha kila mtu ana nakala anayoweza kuitumia

Taja kitabu kwa ukamilifu wake: jina, mwandishi, mchapishaji na, ikiwa ni tafsiri, jina la mfasiri. Tafsiri mbili za kitabu kimoja huweza kutofautiana kiasi cha kuwafanya watu wabishane kuhusu sentensi ambayo nusu yao hawakuisoma. Matoleo tofauti nayo hutofautiana kurasa, na nakala za kusomwa kwenye simu hazina kurasa zinazolingana na za karatasi, kwa hiyo zoeeni kutaja sura na maneno ya mwanzo ya aya. "Sura ya saba, aya inayoanza na mvua" humfikisha kila mtu mahali pamoja. "Ukurasa wa 112" humfikisha mmoja.

Kitabu cha kusikiliza ni usomaji halali, na anayedharau wenzake kwa kusikiliza hawatendei haki. Mwombe tu anayesikiliza aandike sura na dakika ya mahali palipomgusa, kwani hawezi kurudi nyuma kwa kupekua kurasa.

Usisambaze nakala za wizi katika kundi lenu la simu. Ikiwa bei ni kikwazo, nunueni nakala mbili au tatu kwa mchango na mpokezane, tumieni maktaba, au chagueni kitabu ambacho hakimiliki yake imekwisha. Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu kwa muda wote wa uhai wa mwandishi pamoja na miaka 50 au 70 baada ya kifo chake, na vitabu vilivyopita muda huo ni vingi kuliko klabu yoyote inavyoweza kumaliza.

Hatua ya 4: Soma kama mtu atakayeongoza

Tumia alama tatu pambizoni. Mstari wa wima uwe kwa kifungu unachotaka kisomwe kwa sauti. Alama ya kuuliza kwa mahali ambapo hukuelewa au hukukubali. Na msalaba kwa mahali ulipochoka ukatamani kuruka. Wengi huuona msalaba kuwa aibu, ilhali ndio wenye faida kuliko alama nyingine mbili: ukilinganisha mahali ulipochoka wewe na walipochoka wengine, mtagundua ama udhaifu wa mwandishi, ama jambo alilolificha katika kurasa zinazoonekana kavu.

Maliza kitabu angalau siku tano kabla ya kikao. Anayemaliza usiku wa kuamkia kikao huja na hisia za sura ya mwisho peke yake.

Hatua ya 5: Tunga maswali

Hapa ndipo kikao hufaulu au hufeli, kwa hiyo tuchukue mfano. Tuseme mmesoma riwaya ambayo ndani yake kaka mkubwa anaiuza nyumba ya urithi bila kuwaambia wadogo zake. Swali linalokuja haraka kichwani ni hili: "Mnaonaje alichokifanya kaka?" Mtu atajibu kwamba alikosea, wa pili ataongeza kwamba hata shemeji yake aliwahi kufanya vivyo hivyo, na baada ya dakika tatu mtakuwa mnajadili mirathi ya ukoo wa mtu na riwaya imekwisha kazi yake.

Linganisha na swali hili: "Mwandishi anaieleza siku ya mauzo kwa sentensi moja tu mwishoni mwa sura ya nne, lakini katika sura ya pili alitumia kurasa sita kutueleza jinsi kaka alivyoupaka rangi mlango wa nyumba ile ile. Kwa nini mlango umepewa nafasi kuliko mauzo?" Hakuna anayeweza kulijibu bila kufungua sura ya pili. Mmoja ataona kwamba kaka aliipenda nyumba kuliko wote. Mwingine atasema alikuwa akiipamba ili ipate bei. Wa tatu atakumbuka kwamba rangi ile ni ile ile aliyoichukia marehemu baba yao, akaitafuta aya yenyewe na kuisoma. Mnajadili bado kosa la kaka, lakini sasa mnalijadili ndani ya kitabu.

Tunga maswali sita au saba ya namna hiyo, ukitarajia kutumia matatu au manne. Aina tatu hufanya kazi karibu kwa kila kitabu. Ya kwanza ni swali la mahali: "Ni wapi ulipoanza kumshuku kaka?" Swali hili ni jepesi, kila mtu ana jibu lake, na hakuna jibu linalomfanya mtu aonekane mjinga, kwa hiyo anza nalo. Ya pili ni swali la uamuzi wa mwandishi, kama lile la mlango. Ya tatu ni swali la kilichoachwa: "Dada mdogo hasemi neno lolote katika sura ya mwisho. Je, mngetaka aseme nini, na kitabu kingepoteza nini kama angesema?" Hili liwe la baadaye, wakati watu wamekwisha kuchangamka.

*Tahadhari:* Epuka swali la "Mwandishi alikusudia nini?" kwa kuwa hakuna aliyemo chumbani anayeweza kulijibu, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayejifanya analijua jibu. Usitumie pia maswali yaliyochapishwa nyuma ya kitabu bila kuyachuja, maana yametungwa yamfae kila msomaji na hivyo hayamchokozi yeyote.

Hatua ya 6: Kumbusha wiki moja kabla

Ujumbe mmoja unatosha: siku, saa, mahali, na swali moja tu kati ya yale uliyotunga. Swali hilo humpa aliyechelewa sababu ya kumaliza. Usiulize "nani amemaliza?" katika kundi, kwa sababu ambao hawajamaliza wataona haya na wengine wataamua kutokuja.

Hatua ya 7: Panga chumba na muda

Viti viwe kwa duara lililobana kiasi, pasiwe na kochi linalowameza watu watatu pembeni. Vitafunio viwe vya kushikika kwa mkono mmoja na visivyoacha mafuta vidoleni, kwani mtu mwenye mikono miwili iliyojaa hawezi kupekua kurasa. Mlo kamili, kama upo katika desturi ya klabu yenu, uje baada ya mjadala.

Kwa kikao cha saa mbili, mgawanyo huu unafaa:

1. Dakika 20 za kufika, kusalimiana na kupeana habari.
2. Dakika 10 za duru ya kwanza.
3. Dakika 60 za mjadala.
4. Dakika 20 za mapumziko na maneno ya mwisho kuhusu kitabu.
5. Dakika 10 za kitabu kijacho na daftari.

Usizifupishe zile 20 za mwanzo kwa kudhani unaokoa muda. Marafiki ambao hawajaonana kwa mwezi mzima wana habari za watoto, kazi na afya ambazo lazima zitoke; zisipopewa muda wake, zitachukua muda wa kitabu.

Hatua ya 8: Ongoza mazungumzo

Anza kwa duru ambayo kila mtu anasema kwa dakika moja, bila kujibiwa, akitaja mahali pamoja katika kitabu palipomshika, kwa mema au kwa mabaya. Aanze mwanachama mpya zaidi na wamalizie wakongwe. Mkikosea mpangilio huu, mkongwe wa kwanza akatamka kwamba kitabu hakina maana, waliokipenda watarekebisha maoni yao kabla zamu haijawafikia. Wewe mwenyewe usitoe maoni yako hadi nusu ya pili ya mjadala.

Baada ya duru, uliza swali lako la kwanza kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukimya huo utakuwa mrefu kwako kuliko kwa wengine, ambao wanatafuta ukurasa, na ukijibu swali lako mwenyewe umewafundisha kwamba hawana haja ya kulijibu.

Mtu akisema jambo la jumla, kwa mfano kwamba mhusika fulani anaudhi, muulize kwa upole: "Ni wapi alipoanza kukuudhi?" Atakunja uso, atapekua, atasema "ngoja kidogo", na wengine nao wataanza kupekua kumsaidia. Sauti ile ya kurasa zikifunuliwa kwa pamoja ndiyo dalili kwamba kikao kimeshika. Akishapata kifungu, mwombe akisome kwa sauti, hata kama ni mistari miwili. Mara nyingi msomaji mwenyewe hugundua katikati ya sentensi kwamba maandishi hayasemi alichokumbuka.

Klabu ya siku nyingi ina ugumu wake wa pekee, nao ni kwamba kila mtu anajua mwenzake atasema nini. Yupo anayelalamikia kila mwisho wa hadithi, yupo anayemtetea kila mhusika mwovu, na yupo ambaye kila riwaya kwake ni siasa. Wenzake hutabasamu kabla hajamaliza, na hapo husikilizwa mazoea badala ya hoja. Njia nzuri ya kuvunja hali hiyo ni kumpa mtu kazi ya upande wa pili. Mwambie anayelalamikia miisho: "Leo wewe ndiye wakili wa sura ya mwisho, tupe hoja yake yenye nguvu kuliko zote." Hufanya kazi hiyo kwa bidii ya kushangaza, na mara moja moja huishia kujishawishi.

Kuhusu namna ya kupingana, tatizo ni la zamani. Benjamin Franklin, mchapishaji na mwanasiasa wa Marekani, alipoanzisha klabu ya marafiki iliyoitwa Junto huko Philadelphia mwaka 1727, ikikutana kila Ijumaa jioni na kuwekewa kikomo cha watu kumi na wawili, kanuni zake zilikataza kauli za kujifanya una uhakika wote na kumpinga mwenzako moja kwa moja, na aliyezivunja alitozwa faini ndogo. Sidhani kwamba faini inafaa baina ya marafiki wa leo, lakini wazo lenyewe linatumika: badala ya "umekosea", zoeeni kusema "mimi nilikisoma kifungu hicho hivi", kisha kifungu kisomwe.

Si kila mchepuko ni wa kuzuia. Mwenzenu akisimulia jambo la maisha yake kwa sababu ukurasa umelifufua, mwacheni amalize. Hiyo ni sehemu ya thamani ya kusoma na watu wanaokujua. Kinachozuiwa ni mchepuko wa pili, yaani pale hadithi ya mtu inapozaa hadithi ya mwingine. Subiri pumzi, kisha warudishe kwa kutaja kitu mahususi: "Turudi kwenye ule mlango uliopakwa rangi." Kitu chenye umbo hurudisha mawazo kwa haraka kuliko kauli kama "turudi kwenye mada", ambayo huwafanya watu wazima wajione wanafunzi. Na ndiyo, unaruhusiwa kumfanyia hivyo hata mwanzilishi wa klabu, mradi umsubiri afike mwisho wa sentensi.

Hatua ya 9: Funga kikao

Uliza swali moja la mwisho kwa wote: "Kuna lililobadilika katika maoni yako tangu ulipoingia?" Kisha aliye na zamu inayofuata ataje kitabu chake, na tarehe irudiwe kwa sauti. Siku inayofuata, ukiwa bado unakumbuka, andika daftarini yale mawili au matatu yaliyosemwa, hasa mabishano ambayo hayakuisha. Klabu inapofikisha mwaka wa kumi, hakuna anayekumbuka kama riwaya fulani ilisomwa au ilipendekezwa tu, na daftari ndilo litakalosema.

Mambo yakienda mrama

*Nusu ya watu hawajamaliza.* Usiahirishe. Tangaza mwanzoni kwamba mwisho wa kitabu utajadiliwa katika nusu ya pili, na usiombe radhi kwa kuufichua. Waliofika katikati wana kitu ambacho waliomaliza wamekipoteza, yaani hawajui kitakachotokea. Waulize wanatabiri nini, na waliomaliza wakae kimya wakisikiliza. Likijirudia kwa vikao vitatu mfululizo, vitabu vyenu ni virefu mno kwa maisha mliyo nayo sasa.

*Mtu mmoja anazungumza muda wote.* Mketishe kando yako badala ya mkabala nawe, kwa kuwa mzungumzaji huelekeza maneno kwa anayemtazama machoni. Akiendelea, mpe kazi ya kuandika daftarini. Mkono ukiandika, kinywa hupungua kasi.

*Kila mtu amekipenda kitabu.* Waulize ni sura gani wangeiondoa kama wangelazimishwa kuondoa moja.

*Hakuna aliyekipenda.* Usimtazame aliyekiteua. Ulizeni kitabu kilikuwa kikijaribu kufanya nini na ni wapi kilipoanza kushindwa. Jibu la swali hilo hudai ushahidi wa kurasa kama lilivyo la kitabu kizuri, na kwa uzoefu wa klabu nyingi, vikao vya vitabu vibaya huwa vichangamfu kuliko vya vitabu vizuri.

*Mgeni haelewi utani wa zamani.* Ueleze kwa sentensi moja, papo hapo, kisha endelea. Mkimwacha atabasamu bila kuelewa kwa vikao viwili, cha tatu hataonekana.

*Kitabu kimegusa jeraha la mwanachama.* Ukijua mapema, mpigie simu kabla ya kikao, umweleze kilichomo na umwachie uamuzi wa kuja au kutokuja. Ukishtukizwa katikati ya kikao, tangaza mapumziko bila kutoa sababu. Usimgeuze mtu kuwa mfano wa mjadala, hata akiwa mwenyewe ameonekana kuwa radhi.

*Kuna wanaojiunga kwa simu kutoka mbali.* Hawa husahaulika upesi. Mpe mmoja wenu aliyeketi chumbani kazi ya kuwasemea, yaani akatize mazungumzo kila anapoona mmoja wao ameinua mkono kwenye skrini, na katika duru ya kwanza waanze wao.

*Mahudhurio yanapungua.* Msikimbilie kutafuta wanachama wapya. Kwa vikao vitatu, acheni vitabu vya kusomwa nyumbani na badala yake someni hadithi fupi moja kwa sauti mkiwa pamoja, mkipokezana kila ukurasa, kisha mijadala ifuate pale pale. Hadithi ya kurasa 12 husomwa kwa sauti kwa muda usiozidi nusu saa, hakuna anayekuja akiwa hajasoma, na siku yenu ya mwezi inabaki ilipo. Waliokuwa wamekaa pembeni kwa sababu ya aibu ya kutomaliza watarudi kwanza. Wale wasiorudi hata baada ya hapo, waulizeni ana kwa ana, mmoja mmoja, nje ya kundi, kama siku iliyopangwa bado inawafaa.